Je, kemia inawezekana kwenye baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri?

*"Shikamoo mtaalamu. Nafundisha kemia sekondari huku Makete. Juzi mwanafunzi wa kidato cha nne aliniambia amesoma kwamba kwenye mawingu ya angani, ambako baridi hufika nyuzi 263 chini ya sifuri, kunatengenezwa spiriti, gliserini na hata malighafi za uhai. Nikamjibu kuwa haiwezekani, maana mmenyuko wowote hupungua kasi kwenye baridi. Hapa kwetu Juni na Julai hata togwa inagoma kuchachuka, sembuse huko! Mtoto akashikilia lake, darasa likagawanyika. Je, nimempotosha? Na je, vitu hivyo vimo ndani ya Kimondo cha Mbozi? Nauliza kwa sababu kuna mtu anapita mitaani akiuza jiwe jeusi analodai ni kipande cha kimondo chenye 'mbegu za uhai'. Unga wake anauza kwa kijiko, watu wanatia kwenye chai. Jiwe zima anataka shule ilinunue kwa ajili ya maabara. Nishauri."*

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lisiloweza kusubiri: watu waache kunywa huo unga leo hii. Hakuna kimondo kinachotibu. Unga wa jiwe lisilojulikana unaweza kuwa na nikeli, risasi au aseniki, na tumbo halijali kama jiwe limetoka angani au limeokotwa korongoni. Aliyekwisha kunywa na anaumwa tumbo, anatapika au anaharisha aende kituo cha afya, tena abebe mabaki ya unga ili daktari ajue anashughulika na nini. Mama mjamzito au mtoto mdogo aliyenyweshwa apelekwe bila kungoja dalili.

Sasa turudi darasani. Hofu yako ni kwamba umempotosha mtoto, na nitakujibu wazi: kanuni uliyompa ni sahihi kwa chungu cha togwa na kwa karibu kila kitu mnachofanya maabara, lakini haitawali mimenyuko yote. Mwanafunzi wako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko jibu ulilompa, ingawa naye kuna mahali ameparukia.

Tuipe kanuni yako heshima yake kwanza. Molekuli mbili zikikutana, kwa kawaida lazima vifungo vya zamani vilegee kabla vipya havijashika, na kulegeza huko kunadai nishati. Hicho ndicho kizuizi cha mmenyuko. Chukua kizuizi kidogo kabisa, cha kilojuli 8.3 kwa moli. Asubuhi ya nyuzi 10 hapo Makete, hesabu ya Arrhenius, ile inayounganisha joto na kasi ya mmenyuko, inakupa mgongano mmoja kati ya 34 hivi wenye nguvu ya kukivuka. Ipeleke hesabu hiyo hiyo kwenye kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, na utapata mgongano mmoja kati ya namba yenye tarakimu 44. Umri wote wa ulimwengu hautoshi kungoja. Kwa hiyo ulipomwambia mtoto haiwezekani, ulikuwa umepiga hesabu vizuri. Kilichobaki ni kwamba maumbile yana njia ambazo hazipiti juu ya kizuizi hicho.

Mawingu yenyewe unaweza kuwaonyesha wanafunzi bila kifaa chochote. Mwezi wa saba, mbingu ikiwa safi na mbalamwezi haipo, tokeni nje saa tatu usiku mtazame karibu na utosi, kusini kidogo. Mtaona Antares, nyota nyekundu ya kundi la nyota liitwalo Nge. Njia Nyeupe inapita pembeni yake, na ndani yake kuna mabaka meusi kama kwamba nyota zimefutwa. Watu wengi hudhani ni nafasi tupu. Ni gesi na vumbi, na nyota ziko nyuma yake zimezibwa. Digrii mbili hivi kaskazini-mashariki ya Antares kuna kiini kimoja cha wingu hilo kilichoorodheshwa kwa jina L1689B. Kiweke akilini, maana nitakirudia.

Nasema wingu, ila usifikirie ukungu wa Kitulo. Katika sentimita moja ya ujazo ya hewa unayoivuta hapo Makete mna molekuli kama bilioni ishirini mara bilioni. Ndani ya wingu zito la angani, ujazo huo huo una molekuli 10,000 hivi, karibu zote za hidrojeni. Asilimia moja ya uzito wa wingu ni vumbi laini sana, punje za madini ya silika na kaboni zenye upana wa takriban sehemu moja kati ya 10,000 ya milimita. Vumbi hilo ndilo linalozuia mwanga wa nyota, na bila mwanga ndani kunakuwa giza na baridi ya kelvini 10.

Njia ya kwanza ya kukwepa kizuizi ni ioni, yaani atomu au molekuli yenye chaji ya umeme. Mwanga hauingii, lakini miale ya kosmiki, chembe zenye kasi kubwa mno zinazozurura kwenye galaksi, hupenya hadi katikati. Mara chache sana mmoja wao hugonga molekuli ya hidrojeni na kung'oa elektroni. Uchache huo ni wa kutisha: molekuli moja yaweza kukaa zaidi ya miaka bilioni moja bila kuguswa. Lakini wingu ni kubwa kupita kiasi, kwa hiyo kila sekunde kuna zinazoguswa kwa wingi. Iliyopigwa hukutana na hidrojeni nyingine ndani ya siku moja hivi, na hapo huzaliwa ioni yenye atomu tatu za hidrojeni na chaji chanya, H₃⁺. Hii ni karimu kweli kweli, inagawa protoni yake kwa karibu kila molekuli inayoikuta. Ikikuta kaboni monoksidi inaipa, inakuwa HCO⁺.

Kwa nini baridi haiisumbui? Kwa sababu ioni inapoikaribia molekuli isiyo na chaji, chaji yake huzivuta elektroni za molekuli hiyo upande mmoja, na kuanzia hapo zinavutana zenyewe. Nishati inayopatikana kwa kuvutana hutosha kulipia kulegeza vifungo, hivyo mimenyuko mingi ya aina hii haina kizuizi kabisa. Mwaka 1970 wanaastronomia Buhl na Snyder walinasa kwenye darubini ya redio mlio wa gigahezi 89 ambao hakuna aliyejua ni wa kitu gani. Mwanakemia Klemperer mwaka huo huo akapendekeza kuwa ni HCO⁺. Mwaka 1973 yeye na Herbst wakaandika kemia nzima ya wingu kwa kufuata ioni, na baada ya maabara kupima HCO⁺ yenyewe mwaka 1975, ubishi ukaisha. H₃⁺ ilichelewa zaidi: ilionekana kati ya nyota mwaka 1996, Geballe na Oka walipoitambua.

Ioni zinaeleza mengi, lakini si kila kitu, na hapa ndipo mimi binafsi naona uzuri wa somo hili. Chukua methanoli, ile inayoifanya spiriti yako ya maabara ipofushe. Ipo kwenye mawingu ya baridi, tena si kidogo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa inatokana na ioni: methanoli yenye protoni ya ziada inakamata elektroni, inaachia hidrojeni moja, inabaki methanoli. Mwaka 2006 kundi la watafiti la Geppert lilipima mmenyuko huo Stockholm na kukuta kwamba ni mara 3 tu katika kila 100 ndipo methanoli inabaki. Nyakati nyingine zote inavunjika vipande. Njia hiyo haiwezi kuzalisha kiasi tunachokiona.

Inabidi tuende kwenye vumbi. Punje moja ya vumbi ndani ya wingu, kwa makadirio, hufikiwa na atomu ya hidrojeni kama mara moja kwa siku. Vingi vingine vinavyoigusa kwenye baridi hiyo hunata. Oksijeni inanata, hidrojeni inaijia, yanatokea maji. Baada ya miaka laki moja na zaidi punje imevaa koti la barafu ya maji, na juu yake tabaka la kaboni monoksidi iliyoganda. Sasa atomu moja ya hidrojeni inatua. Haina joto la kuiwezesha kuvuka kizuizi cha kuungana na kaboni monoksidi. Lakini ni nyepesi kuliko atomu zote, na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo sana, inakiruhusu kitu chepesi namna hiyo, mara moja moja, kutokea upande wa pili wa kizuizi bila kukipanda. Nafasi ni ndogo kwa jaribio moja. Hewani molekuli zingegongana mara moja zikaachana. Juu ya barafu hidrojeni imekwama pale pale, inatikisika mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila mtikisiko ni jaribio. Tena haina haraka, maana mwenzake hatafika hadi kesho.

Hapo, Mwalimu, ndipo togwa yako na wingu vinapoachana. Togwa ina usiku mmoja au mbili na isipopata joto inaharibika au inabaki tamu. Wingu lina miaka milioni, na baridi yake inasaidia: ndiyo inayozishika molekuli zisiruke kabla hazijakamilisha kazi.

Hidrojeni ya kwanza inaigeuza kaboni monoksidi kuwa HCO. Ya pili inaleta formaldehaidi. Ya tatu na ya nne, methanoli. Mwaka 2002 Watanabe na Kouchi wa Sapporo, Japani, walipoza barafu hadi kelvini 10, wakaimwagia atomu za hidrojeni, na formaldehaidi na methanoli zikatokea mbele ya vipimo vyao. Mwambie mwanafunzi wako kuwa hilo si nadharia ya kwenye karatasi.

Katikati ya hatua hizo mna vipande ambavyo havijatulia, kama HCO na CH₂OH, kila kimoja kikitafuta elektroni ya kushirikiana nayo. Viwili vikijikuta jirani kwenye barafu vinaungana bila kudai joto lolote. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha mwaka 2015 kuwa kwa njia hiyo hutokea glaikolaldehaidi, ambayo ni ndugu mdogo wa sukari, na mwaka 2017 wakafika hadi gliserini, hiyo hiyo mnayopaka wakati wa kipupwe ngozi inapopasuka. Hapa ndipo mtoto ameruka hatua: gliserini imetengenezwa kwenye barafu ya maabara yenye baridi ya wingu, bado haijaonekana ndani ya wingu lenyewe. Afanye tofauti hiyo kila mara, maana ndiyo inayomtofautisha msomi na mpiga porojo.

Halafu linakuja swali gumu, na nafurahi kulileta maana wanasayansi wanabishana hadi sasa. Kama molekuli zimeganda kwenye punje, darubini za redio zinazionaje? Darubini hizo husikia molekuli zinazozunguka kwa uhuru kwenye gesi. Kwenye kelvini 10 methanoli haina sababu ya kuvukizwa. Mwaka 2012 Bacmann na wenzake walielekeza darubini ya mita 30 iliyoko Hispania kwenye L1689B, ile jirani ya Antares niliyokuonyesha, wakakuta molekuli kubwa kiasi za kaboni, yaani asetaldehaidi, dimethili etha na methili fomati, zikielea kwenye gesi. Kabla ya hapo molekuli za namna hiyo zilitarajiwa palipo na joto tu, karibu na nyota zinazozaliwa. Maelezo yaliyopo ni kadhaa. Mmenyuko wenyewe huachia joto, na joto hilo laweza kuirusha molekuli iliyozaliwa kabla haijatulia. Miale ya kosmiki huchemsha punje kwa kitambo. Mwanga hafifu wa urujuanimno unaozalishwa na miale hiyo hiyo nao hubandua tabaka la juu.

Wapo wanaosema molekuli kubwa zinaundwa zote kwenye barafu, na wapo wanaosema barafu inatoa methanoli tu, kisha gesi inamalizia kazi. Mimi naegemea kwenye mchanganyiko, na kilichonisogeza ni kipimo cha mwaka 2013 kutoka Leeds, Uingereza. Walichukua methanoli na kipande cha OH, yaani oksijeni moja na hidrojeni moja, mmenyuko wenye kizuizi cha wazi, wakaupoza hadi kelvini 63. Kwa kanuni uliyomfundisha mtoto, kasi ingeshuka hadi kukaribia sifuri. Iliongezeka, karibu mara 100 ya ile iliyokuwa imepimwa kwenye kelvini 200. Baridi ilizifanya molekuli hizo mbili zikae zimeshikana kwa muda mrefu kabla ya kuachana, na hidrojeni ikapata wasaa wa kupenya kizuizi. Kama unataka jambo moja tu la kuandika ubaoni kipindi kijacho, liwe hili.

Upande ule wa anga inakochomoza Kilimia kuna wingu lingine la baridi, TMC-1, lililo umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Humo kumepatikana minyororo mirefu ya kaboni, na mwaka 2018 benzonitrili, pete kamili ya benzini iliyobeba kundi la sianidi. Mwaka 2024 ikapatikana sianopairini, yenye pete nne zilizoungana.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi chenye uhai. Molekuli ya kaboni si mbegu. Wöhler alitengeneza urea mwaka 1828 bila figo ya mnyama yeyote, na ndiyo urea hiyo mnayokuzia mahindi. Anayekuuzia "mbegu za uhai" amechukua habari ya kweli ya malighafi akaigeuza kuwa bidhaa.

Na Kimondo cha Mbozi? Nakipenda, nimekigusa, na kila mtoto wa nyanda hizi za juu anastahili kupelekwa akakione. Lakini kwa swali lako ni shahidi asiyefaa. Ni bonge la chuma lenye nikeli, uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Chuma cha namna hiyo kimewahi kuyeyuka ndani ya mwili wa angani wakati mfumo wa Jua ukiwa mchanga, na joto linaloyeyusha chuma haliachi methanoli wala asidi amino yoyote, yale matofali ya protini.

Jiwe unalolitafuta lilianguka jirani. Tarehe 16 Desemba 1938, kimondo kilidondoka Ivuna, kule kwenye chumvi karibu na Ziwa Rukwa, ambako leo ni wilaya ya Momba mkoani Songwe. Kiliokotwa kiasi cha gramu 700 tu, jiwe jeusi, laini, lenye kaboni na maji yaliyofungwa kwenye madini yake. Kimondo hicho ni cha thamani kiasi kwamba kundi zima la vimondo vya aina yake duniani linaitwa CI, na I ni Ivuna. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa mna asidi amino ndani yake, glaisini na beta-alanini zikiongoza. Chombo cha Japani kilipoleta gramu 5.4 za Ryugu, asteroidi (mwamba unaozunguka Jua), mwezi Desemba 2020, wataalamu walikuta kuwa linafanana zaidi na Ivuna na wenzake. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa Songwe anamaliza kidato cha sita bila kulisikia jina hilo darasani.

Usimwambie mtoto, hata hivyo, kuwa asidi amino za Ivuna zilitoka moja kwa moja kwenye wingu la baridi. Jiwe hilo liliwahi kulowana ndani ya asteroidi mama, na inaelekea asidi amino hizo ziliundwa humo majini kutokana na malighafi rahisi zaidi kama amonia, aldehaidi na sianidi ya hidrojeni. Sehemu ya malighafi hizo ndiyo ilianzia kwenye barafu ya wingu, na alama yake imebaki. Katika gesi ya kawaida ya galaksi kuna atomu mbili hivi za hidrojeni nzito, deuteri, kwa kila 100,000 za hidrojeni. Kwenye baridi, H₃⁺ hupokea deuteri kwa urahisi, lakini kuirudisha kunadai nishati ambayo kelvini 10 haina. Deuteri inanasa, inarithishwa kwa molekuli nyingine, hadi inafika asilimia kadhaa. Mabaki ya kaboni ndani ya vimondo vya kundi la Ivuna yana deuteri ya ziada kuliko maji ya bahari.

Kuhusu jiwe la kununua, shauri langu ni msitoe hata senti. Nyanda zetu zimejaa mawe meusi: lava za Rungwe na Ngozi, magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku), na mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa zamani. Litazameni kwa kioo cha kukuzia mahali lilipovunjika. Likiwa na vitundu vya mapovu, karibu hakika ni lava au mavi ya chuma. Kuvutwa na sumaku peke yake hakuthibitishi chochote, maana magnetaiti nayo huvutwa. Likipita majaribio hayo, lipelekeni kwa Afisa Madini Mkazi au mwasiliane na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyopo Dodoma. Hukumu ya mwisho inatolewa na vipimo, si picha ya simu, hata mkinitumia mimi. Huyo muuzaji akikataa jiwe lisipimwe, mmeshapata jibu. Na kwa kuwa anawanywesha watu unga, mtendaji wa kijiji anapaswa kujua leo.

Kwa mwanafunzi wako, mrudie mbele ya darasa lile lile, na umpe ile hesabu ya kelvini 10 aipige mwenyewe kabla hujamweleza habari za OH na methanoli. Akitaka kuendelea na mambo haya, achague tahasusi yenye fizikia, kemia na hisabati kwa pamoja, asiiache hata moja.